Kijito cha Pili

Mtu wa mjini ukimwambia mpaka, anafikiria ukuta, seng'enge, au bango lililoandikwa kwa rangi nyekundu. Kwetu, juu ya Karatu kuelekea msitu wa Ngorongoro, mpaka ni kitu unachokikanyaga. Kuna mgongo wa kilima unaoshuka kutoka kaskazini, huo unatutenga na kata ya jirani. Kuna kijito, hicho kinatutenga na Ngorongoro. Mgongo na kijito vinakutana juu kabisa kwenye kipito, pale vilima viwili vinapoachiana nafasi ya ng'ombe kupita wawili wawili. Ukisimama hapo kabla ukungu haujainuka, husikii kitu ila maji.

Tatizo ni kwamba maji yanayoteremka kutoka kwenye kipito ni vijito viwili, si kimoja. Cha kwanza kiko karibu na mashamba, kina mianzi pembeni. Cha pili kiko mbele kidogo, kina mawe meusi makubwa, na ng'ambo yake ndipo msitu mzito unapoanza. Katikati kuna kipande cha ardhi chembamba ambacho unakivuka kwa miguu kabla chai haijachemka. Kipande hicho ndicho kilichoivunja familia yetu. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani nasimulia uzuri wa milima.

Aliyeijua mipaka hiyo yote alikuwa baba yangu. Babu alikuwa miongoni mwa wazee waliotembea mpaka wa aya kila mwaka. Aya ndiyo nchi, kwa lugha ya nyumbani: ardhi ya watu wanaopata mvua moja na kukosa mvua moja. Babu alimchukua baba tangu kijana, wakatembea naye mawe, miti na maji, mpaka akaijua kama anavyojua vidole vyake. Kufikia miaka ya tisini wazee wale walikuwa wamekwisha karibu wote. Mtu akigombana na jirani juu ya mahali malisho yanapoishia, alikuja kwetu, akakalishwa kigodani, baba akasema ni hapa, na mambo yakaisha.

Sisi ni Wakristo. Baba alikaa benchi la mbele kanisani, na mama aliimba kwaya hadi sauti ikamwisha. Lakini kuna mambo ambayo mahubiri hayakuyafikia, na sitajifanya kwamba yalifika. Moja ni hili: msichana akipata mimba kabla ya kuolewa, hazai ndani ya aya. Anatoka nje ya mpaka, anazalia huko, na haguswi hadi siku zake za kutengwa ziishe, la sivyo mvua inakimbia na mifugo inakufa. Katekista alilipinga jambo hilo waziwazi. Watu walitikisa vichwa kumkubalia, wakatoka nje, wakaangalia mbingu.

Dada yangu alikuwa na miaka ishirini, mimi kumi na miwili. Alikuwa anafua mashuka kwenye kambi moja ya watalii, anarudi mwisho wa mwezi na sabuni nzuri na maneno ya kizungu ya kutuchekeshea. Mimba aliipata kwa dereva kutoka Moshi. Yule bwana aliposikia habari, alihamishia kazi yake Arusha, na akasahau kuaga. Sina la kumwambia. Kama bado yu hai, anajijua.

Bahati mbaya, mwaka huo mvua ilichelewa. Machi ilikaribia kwisha na mahindi yalikuwa hayajaota, na watu walianza kutafuta sababu. Wazee wawili walikuja nyumbani. Mama aliwapikia chai ya maziwa, wakaiacha vikombeni. Hawakumtaja dada hata mara moja. Walizungumza juu ya mawingu, juu ya ng'ombe wa fulani waliotupa mimba, juu ya jinsi watu wa siku hizi wasivyoogopa kitu. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema atafanya linalopaswa.

Wiki hiyohiyo alivuka kijito cha mianzi na panga lake, akajenga kibanda kwenye kile kipande cha katikati. Alikiezeka nyasi, akakandika upande unakotoka upepo. Jioni alitangaza kwamba kuvuka mianzi ndiko kutoka nje. Hakuna aliyebisha, nani angembishia yeye? Kesho yake dada alijifunga blanketi, akachukua sufuria moja na kanga mbili, akaondoka. Mama alimsindikiza hadi kwenye maji. Mimi nilikatazwa kwenda, nikaenda, nikachapwa.

Nataka ieleweke kwamba hatukumtupa. Hivyo ndivyo tulivyojiambia. Kila baada ya siku moja mama alipika makande, akayaweka kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, tukaiacha juu ya jiwe lililo katikati ya maji, penye mianzi. Dada alikuja kuichukua tukishasogea. Tuliongea tukiwa tumetenganishwa na maji yasiyofika magotini. Alituuliza habari za ndama, za kwaya, za nani kaoa. Mama alimjibu yote.

Halafu mvua ikaja, na ilikuja kwa hasira. Watu walisema mnaona, si tulisema. Kijito kilijaa hata jiwe letu halikuonekana, siku tatu hatukuweza kupeleka chakula. Dada alijifungua katika siku hizo, mchana, peke yake. Mvua ilipopungua tulifika tukamkuta amesimama ng'ambo na kitu kifuani ndani ya blanketi. Alikuwa mtoto wa kiume. Mama alipiga magoti kwenye matope akamwomba amwinue ili amwone uso, na dada akamwinua.

Aliishi siku tisa. Juu kule Aprili ni baridi ya kuuma meno, kibanda kilivuja, kuni zilikuwa mbichi. Mtoto alianza kukohoa, kisha akaacha kunyonya. Mama alitafuta dawa ya majani, akaifunga kwenye kitambaa na jiwe, akairusha ng'ambo. Hebu fikiria. Bibi anamrushia mjukuu wake dawa kama mtu anayewinga ndege. Siku ya tisa dada hakuja kwenye maji, ila tulimsikia.

Baba ndiye aliyevuka kwenda kuchimba. Alimzika mtoto karibu na kibanda, akapanga mawe juu yake, akarudi bila kunawa kwenye kijito kama anavyotakiwa mtu anayetoka nje ya mpaka. Nilikuwa mdogo lakini hilo niliona. Dada alikaa huko hadi siku zake za kutengwa zikaisha, akarudi nyumbani amekonda, na kicheko hakikurudi naye.

Baada ya miaka miwili aliolewa kijiji cha Daa, na mwanamume mpole anayelima vitunguu. Alipata watoto wengine wawili. Kila Aprili alikuja kwetu, analala siku moja, anapanda peke yake hadi kwenye kaburi. Aling'oa magugu, akapanga upya mawe yaliyosukumwa na ng'ombe, akakaa. Aliniambia mara moja tu kwamba anakwenda kwa sababu mtoto yuko ugenini, na mtoto hawezi kuachwa ugenini peke yake. Baba alijua anakokwenda. Siku hiyo alikuwa na kazi shambani tangu asubuhi hadi giza.

Kisha wilaya yetu ikakatwa kutoka Mbulu, Karatu ikawa Karatu, na mambo ya mipaka yakaanza upya. Mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano akatangaza kwamba wapima wanakuja kuweka bikoni, zile nguzo za mpaka. Tangu siku hiyo hakutakuwa na habari za mzee fulani alisema. Itakuwa zege, namba na ramani. Upande wetu utakuwa wetu. Upande wa pili ni hifadhi, na atakayekanyaga huko bila kibali atakutana na askari wa wanyama. Akamalizia kwamba mpaka wetu wote wanaujua, ni kijito cha mianzi, na mzee wetu, yaani baba, atatangulia mbele kuwaonyesha wapima.

Habari ilifika Daa kabla ya wiki kuisha. Dada alikuja kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni, hata chai hakunywa. Alimkuta baba anachonga mpini wa jembe. Mimi nilikuwa napepeta maharage hatua chache tu, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

"Baba, tangu ulipoondoka kule baada ya kumzika, nimewahi kukuomba kitu?"

Baba alisema hapana.

"Basi naomba hiki kimoja. Waambie ni kijito cha pili. Usiniache nikamwombee kibali mwanangu."

Baba aliendelea kuchonga. Akasema mpaka si mali yake, hawezi kuusogeza. Dada hakulia, hakubishana. Aliketi kwenye kigoda cha wageni, kilekile cha wagombanao, akakaa hapo mpaka jua likazama. Alilala kwetu siku tatu, na kila asubuhi alimsalimia baba shikamoo kwa adabu zote, na baba alimwitikia akiangalia pembeni.

Mimi sina ustaarabu wa dada yangu. Siku ya pili nilimfuata baba zizini nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii babake. Nilimwambia kwamba uongo mmoja hautamwua. Nilimwambia kwamba alikuwa na nguvu za kumtoa dada nje kwa ajili ya mvua, basi awe na nguvu za kumrudisha mtoto ndani. Alisubiri nimalize, akaniambia ng'ombe hawajapewa chumvi. Nilitaka kumtupia ile chumvi usoni, Mungu anisamehe.

Wapima walikuja na Landrova hadi pale njia inapoishia, tukapanda kwa miguu. Mpima mwenyewe alikuwa kijana mwenye heshima, aliwaamkia wazee wote. Alikuwa na vibarua wawili waliobeba saruji na nondo. Alikuwapo mwenyekiti, na alikuwapo mzee mmoja wa kata ya jirani, mkongwe kabisa, aliyekuja kushuhudia upande wa mgongo wa kilima. Dada na mimi tulifuata nyuma. Hatukualikwa, na hakuna aliyethubutu kutufukuza.

Kule kwenye kipito kazi ya kwanza ilikwenda vizuri. Baba na yule mkongwe walikubaliana mgongo unashuka wapi, bikoni ya kwanza ikawekewa alama. Tukateremka hatua chache hadi penye mianzi. Mpima akafungua daftari lake, akauliza kama kijito ni hiki. Mwenyekiti akasema ndicho, andika. Dada alinishika mkono, nikahisi kucha zake.

Baba alivua kofia. Alisema, "Si hiki. Ni kile cha mbele."

Mwenyekiti alishangaa, akamwuliza inakuwaje wakati yeye mwenyewe ndiye aliyesema miaka yote ni cha mianzi. Baba alinyoosha kofia kuelekea kijito cha mawe meusi. Dada aliniachia mkono, akaenda moja kwa moja akapiga goti mbele ya baba pale kwenye majani yaliyolowa, akaishika mikono yake na kumshukuru. Alisema asante, Baba, mara sijui ngapi. Mimi nilikuwa nalia tayari. Nilijua amedanganya kwa ajili yake, na nilimpenda siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Mapenzi hayo yalidumu kama dakika moja.

Mpima, kwa kuwa ni mtu wa kazi, alimgeukia yule mkongwe akamwuliza kama ana neno. Mkongwe akasema hana ubishi, mpaka ni kile cha mawe meusi. Akasema yeye na babu yetu walikuwa wanakutana hukohuko kila mwaka, na kwamba huyu, akimwonyesha baba kwa fimbo, alikuwa kijana anabeba kibuyu. Hajui habari za mianzi zilitoka wapi. Alisema hivyo kwa furaha, mzee wa watu, alijiona anasaidia.

Nilimwona dada anaelewa. Alikuwa bado amepiga goti, mikono ya baba imo mikononi mwake. Alimwangalia usoni, akaangalia kile kipande cha ardhi, mawe ya kaburi yanaonekana kutoka pale tulipokuwa, kisha akamwangalia tena. Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliona kuna wakati wa kunyamaza. Aliwachukua wapima wakatangulia kwenda kijito cha pili.

Tukabaki sisi watatu. Dada alisimama. Alimwuliza baba kama alijua.

Baba alijua. Alisema alijua siku ile anakata nguzo za kibanda. Alisema ng'ambo ya kijito cha pili ni nyati na chui, na yeye hakuweza kumweka binti yake huko. Kwa hiyo aliwadanganya wazee, akamwacha ndani ya aya, watu wadhani yuko nje. Alifikiri amemsaidia. Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa limemkaa kooni miaka yote hiyo. "Mtoto alipokufa, nikajua ardhi imenikamata. Niliiibia, ikachukua."

"Mtoto alikufa kwa baridi, Baba," dada alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemweleza mgonjwa jina la ugonjwa wake. Baba alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kukataa.

"Kama ulijua niko kwetu," dada akamwuliza, "kwa nini hukuja kunichukua?"

Nimewahi kusikia wanaume wakijibu maswali magumu, mahakamani, kanisani, kwenye vikao vya mahari. Sijawahi kumwona mtu akitafuta jibu namna ile. Baba aligeuza kofia mikononi. Mwisho akasema aliogopa watu. Dada akamwuliza watu gani. Akawataja wale wazee wawili walioacha chai vikombeni. Wote wawili walikuwa wameshakufa.

Bikoni iliwekwa kwenye mawe meusi. Kaburi lilibaki upande wetu, tena ndani kabisa, hakuna askari wa wanyama atakayeligusa. Dada alipata alichokiomba. Tulishuka pamoja, akamchukua mwanawe kwa mama, akamshukuru mwenyekiti, akarudi Daa jua likiwa bado juu.

Mama alipoambiwa, alikwenda jikoni akafunga mlango. Nilimsikia anapanga sufuria, anazipangua, anazipanga tena. Hakumwuliza baba kitu chochote siku ile, wala baadaye, na mimi nilimlaumu kwa hilo mpaka nilipopata watoto wangu. Sasa nafikiri alijua kwamba akianza kuuliza, swali la kwanza litamrudia mwenyewe. Maji yale hayakufika magotini. Siku ya mtoto kukohoa yalikuwa yamepungua, hata mimi ningeweza kuvuka.

Aprili iliyofuata dada hakuja. Nilidhani watoto wanaumwa. Aprili ya pili hakuja tena. Baba alikuwa ameanza kupanda mwenyewe kule, na jembe dogo, ingawa mguu mmoja ulikuwa umeanza kumsumbua. Aling'oa magugu. Akirudi alikaa nje ya nyumba akiangalia njia ya Daa, na mtu akipita kwa mbali alisimama.

Mwaka wa tatu nikaenda kwa dada mimi. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, nikavuta gunia nikakaa nimsaidie. Nilimwambia baba anazeeka, na kwamba kaburi ni safi, na njia iko wazi, hakuna wa kumwuliza kibali. Nilimwambia kwamba hicho ndicho alichokiomba. Alinisikiliza vizuri, mikono inaendelea na kazi.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nilikuwa nakwenda kwa sababu nilijua yuko ugenini. Nilimwambia kila mwaka, mwanangu, vumilia, nyumbani ni mbali, wasingeweza kukufikia." Alichukua hindi lingine. "Sasa nikienda nitamwambia nini?"

Nilivuta hindi na mimi. Tulipukuchua mpaka mahindi yakaisha.